UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA
Somo juu ya kiti kimoja cha Denmark na watu waliokitengeneza



Katika somo hili tunakitazama kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua. Ni kiti cha kupumzikia: kiti kipana chenye mikono na mgongo mrefu wa kuegemea, kilichojazwa ndani na kuvishwa kitambaa. Wengine hukiita kochi la mtu mmoja. Si kila nyumba ya mfanyakazi inacho, lakini ofisi ya meneja haikosi kuwa nacho, na kila mji wetu una mafundi wanaovitengeneza kando ya barabara.

Tumechagua kiti kimoja kilichobuniwa Denmark mwaka 1951. Hatukukichagua kwa sababu vitu vya Ulaya ni bora kuliko vyetu. Tumekichagua kwa sababu historia yake inajulikana vizuri, na kwa sababu kinatusaidia kuelewa jambo linalotuhusu sisi sote, tuwe katika kiwanda cha nguo, karakana ya mbao au shamba la chai. Jambo hilo ni hili: sehemu kubwa ya kazi nzuri haionekani kwa macho, na kazi isiyoonekana ndiyo ya kwanza kupunguzwa pale ambapo wafanyakazi hawana sauti.

Somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja moja. Mwishoni tumeweka maswali ya mazungumzo.

1. KITI NA ALIYEKIBUNI

Aliyekibuni aliitwa Hans J. Wegner. Alizaliwa mwaka 1914 katika mji wa Tønder, karibu na mpaka wa Denmark na Ujerumani. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Ujerumani, ukarudi Denmark mwaka 1920. Baba yake alikuwa fundi viatu. Wegner aliingia uanagenzi wa useremala akiwa bado kijana mdogo, na alipofika umri wa miaka 17 alikuwa amekwisha pata cheti cha ufundi. Baadaye ndipo alipokwenda Copenhagen kusoma uchoraji wa samani. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu alikuwa ameshika randa na patasi. Alipofariki mwaka 2007 alikuwa ameacha michoro ya viti karibu 500, na zaidi ya 100 kati ya hivyo vilitengenezwa na kuuzwa.

Kiti tunachokizungumzia Wadenmark hukiita Bamsestolen, yaani kiti cha dubu. Dubu ni mnyama mkubwa wa nchi za baridi, na watoto wa Ulaya hupewa dubu wa kitambaa wa kuchezea. Kiti kilipata jina hilo kwa sababu mikono yake minene inatokeza mbele kama mikono ya dubu anayemkumbatia mtu kwa nyuma. Upana wake ni sentimita 90 hivi, na urefu wake kutoka sakafuni ni kama mita moja. Mtu anaweza kukaa wima, kujilaza, kukaa upande au kupitisha mguu juu ya mkono wa kiti. Wegner alishikilia kwamba mwili wa mtu hautulii mahali pamoja, na kwamba kiti kizuri ni kile kinachomruhusu mtu kugeuka-geuka.

Kwenye ncha ya kila mkono kuna kipande cha mbao kilicholainishwa, kama kucha za dubu. Watu hudhani ni pambo. Lakini ndugu, tazama mtu anapoinuka kitini: anashika wapi? Anashika ncha ya mkono. Kitambaa mahali hapo kingechafuka na kuchanika mapema kuliko sehemu nyingine zote. Mbao hufutwa kwa kitambaa chenye maji, ikarudia hali yake. Hii ni akili ya fundi anayefikiri juu ya mtumiaji, si akili ya mpambaji.

Kiti kilianza kutengenezwa na karakana ya A.P. Stolen ya Copenhagen. Tangu mwaka 1953 viunzi vya mbao vya kiti hicho vilitengenezwa na karakana ndogo ya ndugu wawili, Lars Peder na Ejnar Pedersen, katika mji wa Allerød. Karakana hiyo, PP Møbler, ipo hadi leo, na tangu mwaka 2003 inakitengeneza kiti kizima.

2. TUKIFUNGUE KITI

Sasa tufanye kama fundi anayeletewa kiti kikuukuu akitengeneze upya. Avue kitambaa, atazame ndani. Kiti cha kupumzikia kilichotengenezwa kwa njia ya zamani kina hatua hizi:

Hatua ya kwanza ni kiunzi. Hiki ni mifupa ya kiti. Kinatakiwa kiwe cha mbao ngumu iliyokaushwa vizuri. Huko Ulaya hutumika sana mti uitwao bøg kwa Kidenmark, na miguu inayoonekana huwa ya mwaloni au mtiki. Viungo havipigwi misumari tu. Ubao huchongwa ulimi ukaingia katika tundu la ubao mwingine, au hutiwa vijiti vya mbao na gundi. Mbao mbichi ikitumika, itasinyaa baada ya miezi michache, viungo vitalegea na kiti kitaanza kulia.

Hatua ya pili ni mikanda. Mikanda mipana ya juti hupigiliwa upande mmoja, ikavutwa kwa nguvu hadi upande wa pili, ikapishanishwa kama mkeka. Juti hiyo hutoka zaidi katika mashamba ya Bengali, yaani India na Bangladesh ya leo. Mikanda ndiyo inayobeba uzito wote wa mkaaji.

Hatua ya tatu ni springi. Kila springi hushonwa juu ya mikanda, halafu hufungwa kwa kamba mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kwa mshazari, ili zote zishuke na kupanda pamoja. Hii ni kazi ya kuumiza vidole. Fundi akifunga kamba chache, springi zitainama upande na kutoboa juu.

Hatua ya nne ni gunia na kijazo cha kwanza. Juu ya springi hutandikwa kitambaa cha gunia, na juu ya gunia hujazwa nyuzi ngumu: makumbi ya nazi, nyuzi za majani ya mitende ya porini, au katani. Kingo hushonwa kwa sindano ndefu mpaka ziwe imara kama ukuta mdogo.

Hatua ya tano ni kijazo cha pili, nacho ni singa za mkia na shingo ya farasi. Singa hizo zimesokotwa na kupashwa moto zikajikunja, kwa hiyo zinarudi juu kila zinapokandamizwa.

Hatua ya sita ni tabaka la pamba, ili singa zisichome na mkaaji asizihisi.

Hatua ya saba ni kitambaa cha juu, mara nyingi cha sufu. Hukatwa kwa kipimo, kikavutwa bila kuacha kunjo, kikashonwa kwa sindano iliyopinda ili uzi usionekane.

Kuvisha kiti cha dubu kwa njia hiyo ni kazi ya fundi mmoja kwa karibu wiki nzima. Hapo hatujahesabu siku za seremala aliyetengeneza kiunzi.

Wafanyakazi wa mashamba watambue kwamba nao wamo ndani ya viti vya namna hii. Mwaka 1964 Tanganyika, ambayo mwaka huo iliungana na Zanzibar, ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Nyingi ilikuwa ya kamba, lakini sehemu yake ilikwenda kujaza magodoro na viti vya nchi za nje. Mkataji wa katani aliyechomwa na miiba huko Tanga hakuwahi kukiona kiti hicho, na aliyekikalia hakuwahi kumwona mkataji.

3. KAZI ISIYOONEKANA HUPUNGUZWA KWANZA

Hebu tuhesabu. Katika hatua saba, mnunuzi anayeingia dukani anaona ya saba, pamoja na miguu na ncha za mikono. Hatua sita zimefunikwa.

Sasa fikirini karakana mbili. Ya kwanza inafuata hatua zote. Ya pili inatumia mbao mbichi, inapunguza mikanda, inafunga springi kwa kamba mbili, inajaza mabaki ya vitambaa, halafu inavisha kitambaa kile kile. Siku ya mauzo viti hivi viwili ni mapacha. Baada ya miaka miwili kimoja kimebonyea na kingine kiko kama kilivyonunuliwa. Viti vya dubu vilivyotengenezwa miaka ya 1950 bado vinakaliwa hadi leo. Vikichakaa huvishwa kitambaa kipya na kurudi kazini.

Swali letu ni: nani anayeamua kwamba hatua zilizofunikwa zipunguzwe? Mara nyingi lawama huwekwa juu ya fundi. Husemwa kwamba mafundi wa siku hizi ni wavivu, hawana uaminifu. Lakini tutazame jinsi fundi anavyolipwa. Akilipwa kwa hesabu ya viti, na bei ya kiti kimoja ikashushwa kila mwaka, hana njia ya kulisha watoto isipokuwa kuongeza idadi. Hawezi kupunguza kitambaa, maana kinaonekana. Atapunguza kamba za springi.

Jambo hili halihusu viti peke yake. Mchuma chai anafundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Lakini kiwango cha kilo kikipandishwa kupita uwezo wa mikono, atachuma na majani magumu ili mzani utosheke. Kisha kiwanda kinalalamika kwamba chai haina ubora, naye mchumaji anakatwa mshahara. Kosa lilianzia katika kiwango kilichopangwa ofisini, lakini adhabu imemwangukia aliye shambani.

Tusisahau upande wa pili. Chama kinachotetea kazi mbaya kinajidhoofisha chenyewe, kwa sababu umma hautakiunga mkono. Katika Denmark mwanagenzi hapewi cheti kwa kukaa miaka tu. Hana budi kutengeneza kitu kwa mikono yake, na kitu hicho hukaguliwa na mafundi wanaotoka upande wa waajiri na upande wa wafanyakazi. Kwa hiyo wafanyakazi wenyewe ni walinzi wa ufundi wao. Mwenye cheti kama hicho ana haki ya kumwambia msimamizi: kazi hii haiwezi kufanywa kwa muda huo ikawa kazi.

Lakini je, atasikilizwa? Hapo ndipo historia ya chama inapoingia.

4. MASEREMALA WA JUTLAND, MWAKA 1899

Mwaka 1898 vyama vya wafanyakazi vya Denmark viliungana na kuunda shirikisho moja. Waajiri walikuwa wamekwisha unda chama chao miaka miwili kabla. Mwaka uliofuata, katika majira ya masika ya Ulaya, maseremala wa miji saba ya Jutland waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Ulikuwa mgomo wa watu wachache katika miji midogo.

Waajiri wakaona hiyo ndiyo nafasi ya kuvunja shirikisho jipya. Tarehe 24 Mei 1899 walifunga milango ya karakana na viwanda, wakawafungia nje hata wafanyakazi ambao hawakugoma. Mfungo huo ulienea mpaka wafanyakazi wapatao 40,000 wakawa hawana kazi wala mshahara. Ulidumu zaidi ya miezi mitatu. Michango ilikusanywa nchini, na mingine ilitoka kwa wafanyakazi wa nchi nyingine. Familia ziliishi kwa shida kubwa, lakini shirikisho halikuvunjika.

Tarehe 5 Septemba 1899 pande mbili zilitia saini mapatano yanayojulikana kama Mapatano ya Septemba. Waajiri walikubali kwamba wafanyakazi wana haki ya kujiunga katika vyama na kujadiliana kwa pamoja. Wafanyakazi kwa upande wao walikubali kwamba mwajiri ana haki ya kuongoza na kugawa kazi, na kwamba pasiwe na migomo wakati mkataba ungali hai. Mwaka 1910 ilianzishwa mahakama ya kudumu ya kuamua magomvi ya mikataba. Mapatano hayo yaliendelea kuwa msingi hadi mwaka 1960, yalipobadilishwa na mapatano mapya.

Tuwe wakweli: hayakuwa ushindi mtupu. Haki ya mwajiri ya kuongoza kazi ilibaki, na hadi leo wafanyakazi wa Denmark huilalamikia. Lakini kuanzia siku hiyo fundi seremala hakuingia ofisini peke yake akiwa ameshika kofia mkononi. Bei za kazi na saa za kazi zikawa ni mambo ya kuandikwa katika mkataba, na mkataba ukawa na mlinzi.

Hatusemi kwamba chama ndicho kilichobuni kiti cha dubu. Kiti kilibuniwa na Wegner, na ufundi wa Copenhagen ulikuwa na mizizi mirefu. Tangu mwaka 1927 hadi 1966 mafundi wa samani wa mji huo walifanya maonyesho ya kazi zao kila mwaka. Tunachosema ni kwamba kiti chenye hatua saba hakiwezi kutengenezwa siku baada ya siku na watu wenye njaa wanaofukuzwa wakati wowote. Miaka 52 baada ya mfungo ule, mafundi wa Denmark walifanya kazi chini ya mikataba iliyopiganiwa, na wa kwanza kuipigania walikuwa maseremala.

5. KITI CHA NANI, NA MUDA WA KUKIKALIA

Mtu anaweza kuuliza: kiti kizuri hivyo kilikuwa cha nani? Swali ni la haki. Kiti cha dubu kilikuwa ghali tangu mwanzo, na leo bei yake ni ya matajiri. Samani nyingi za Denmark za miaka ile ziliuzwa Marekani. Mwaka 1960, John F. Kennedy na Richard Nixon walipojadiliana mbele ya televisheni wakigombea urais, kiti kilichowekwa jukwaani kilikuwa kimebuniwa na Wegner, ingawa si hiki cha dubu.

Lakini wafanyakazi wa Denmark hawakungoja wahurumiwe. Vyama vyao vya ushirika vya walaji, vilivyokuwa na muungano uitwao FDB, viliona kwamba familia ya mfanyakazi inaishi katika vyumba vidogo na kununua samani mbovu kwa mkopo. Mwaka 1942 muungano huo ulimweka Børge Mogensen, rafiki wa Wegner, kuongoza ofisi yake ya kubuni samani. Kazi yake ilikuwa kutoa viti, meza na makabati imara kwa bei ya chini, bila mapambo ya kuiga matajiri. Wegner naye aliwachorea ushirika kiti cha kubembea mwaka 1944. Mwaka 1947 Mogensen alitoa kiti cha mezani, kikalio chake kikiwa kimesukwa kwa kamba ya karatasi. Wadenmark walikiita kiti cha watu, na mpaka leo kinauzwa.

Lipo jambo jingine. Kiti cha kupumzikia hakina maana kwa mtu asiye na saa za kupumzika. Mfanyakazi anayerudi nyumbani saa nne za usiku huanguka kitandani. Katika Denmark saa nane za kazi kwa siku zilipatikana kwa mapatano ya mwaka 1919. Mwaka 1938 sheria iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Kwa hiyo kiti cha mfanyakazi kilitengenezwa mara mbili: mara moja katika karakana, na mara nyingine katika meza ya majadiliano.

6. SPONJI, GUNDI NA VUMBI

Mnamo miaka ya 1950 kulitokea badiliko kubwa. Viwanda vya kemikali vilianza kutoa sponji kwa wingi, hasa ile ya poliyurethani. Kipande kimoja cha sponji kilichukua mahali pa springi, makumbi, singa na pamba. Mwaka 1958 Arne Jacobsen, aliyewahi kumwajiri Wegner, alitoa kiti kiitwacho Yai kwa ajili ya hoteli mpya ya Copenhagen. Ganda lake lilitengenezwa kwa plastiki, likavishwa sponji. Kazi ya siku nyingi ikawa ya saa chache. Karakana nyingi za zamani hazikustahimili, zikafungwa.

Hatuwezi kuilaani sponji. Imewezesha familia nyingi maskini kulala na kukaa mahali laini. Lakini kila kitu kipya kinachoingia kazini hakina budi kuulizwa: kinamfanya nini anayekishika?

Kemikali za isosianati zinazotumika kutengeneza sponji zinaweza kumpa mfanyakazi pumu, na akishapata, hata kiasi kidogo cha mvuke wake humrudishia ugonjwa. Gundi za kubandikia sponji mara nyingi huwa na vimiminika vinavyokauka haraka na kuleta kizunguzungu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Denmark walionyesha kwamba wapaka rangi waliovuta mvuke wa vimiminika vya namna hiyo kwa miaka mingi walipoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tena sponji ikishika moto huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu. Tarehe 8 Mei 1979 watu 10 walikufa katika moto wa duka kubwa mjini Manchester, Uingereza, ulioanzia penye samani za sponji. Mwaka 1988 Uingereza ikatunga kanuni za kuzuia samani zinazowaka kirahisi.

Msidhani kwamba karakana ya zamani ilikuwa salama. Katika mji wa High Wycombe, Uingereza, uliojulikana kwa kutengeneza viti, madaktari wa miaka ya 1960 waliona kwamba mafundi samani walipata kansa ya ndani ya pua kuliko watu wengine kwa mbali sana. Chanzo kilikuwa vumbi la mbao ngumu. Ugonjwa huu hauji upesi. Unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati fundi amekwisha staafu na mwajiri amekwisha msahau. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu ambavyo bila shaka huleta kansa kwa binadamu.

Denmark ilipitisha sheria mpya ya mazingira ya kazi mwaka 1975, inayowapa wafanyakazi haki ya kuchagua mwakilishi wa usalama mahali pa kazi. Sheria hiyo ilikuja baada ya wafanyakazi wenyewe kuonyesha magonjwa yao na kudai.

Hapa tena tunakutana na kitu kisichoonekana. Vumbi la hatari zaidi ni lile jembamba ambalo jicho halilioni likielea hewani. Pumba kubwa zinazoanguka chini zinatisha, lakini mapafu na pua huharibiwa na lile lisiloanguka.

7. TUFANYE NINI KAZINI KWETU

Kwa wanaofanya kazi ya mbao na makochi, na kwa wengine wenye kazi za kufanana nazo, tunashauri haya:

(a) Vumbi likamatwe linapozaliwa. Mdomo wa mashine ya kunyonya uwe karibu kabisa na msumeno au mashine ya msasa. Feni inayopuliza vumbi upande wa pili wa chumba inamhamishia mwenzako ugonjwa.

(b) Tusijipulize nguo kwa hewa ya kompresa, wala tusifagie sakafu ikiwa kavu. Tunyunyize maji kwanza, au tutumie mashine ya kunyonya.

(c) Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi jembamba. Mwajiri atoe barakoa za kufaa. Hata hivyo barakoa ni kinga ya mwisho, isiwe kisingizio cha kutonunua mashine ya kunyonya.

(d) Gundi itumike mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Tudai kujua jina la kila kemikali na maelezo yake kwa lugha tunayoielewa.

(e) Sponji ihifadhiwe mbali na moto, na milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli wakati watu wako ndani.

(f) Wanagenzi wafundishwe hatua zote za kazi, si kipande kimoja tu, na wapimwe na mafundi. Kijana anayejua kupigilia kitambaa tu atafukuzwa siku mashine ya kupigilia itakapofika.

(g) Kabla ya majadiliano ya mishahara, wajumbe wa tawi waandike kila hatua ya kazi na muda inaochukua kwa mtu wa kawaida anayefanya vizuri. Waanze na hatua zilizofunikwa: kukausha, kufunga, kunoa, kusafisha, kukagua. Mtiki, kwa mfano, hufubaza makali ya vyombo upesi kuliko mbao nyingi, na muda wa kunoa ni muda wa kazi. Mwajiri akisema kiti kimoja kinahitaji nusu siku, karatasi hiyo iwekwe mezani aonyeshe yeye mwenyewe ni hatua ipi iachwe, na atie saini.

Neno hili la mwisho ndilo tunalolisisitiza zaidi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi yetu katika chama ni kuhakikisha kwamba anayeunda anahesabiwa saa zake zote, pamoja na zile zilizofunikwa kwa kitambaa.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Katika kazi yako, taja hatua tatu ambazo mnunuzi au msimamizi hazioni. Je, zinalipwa?

2. Ni nani anayepanga kiwango cha kazi kwenu, na anakipanga kwa kufuata nini? Je, wafanyakazi walishirikishwa?

3. Mapatano ya mwaka 1899 yaliwapa wafanyakazi kitu na kuwanyima kitu. Kama mngekuwa mezani siku ile, mngetia saini? Kwa nini?

4. Je, chama kinaweza kumtetea mwanachama anayefanya kazi mbaya kwa makusudi? Na anayefanya kazi mbaya kwa sababu ya kukimbizwa?

5. Vyama vya ushirika vya Denmark viliwatengenezea wanachama samani. Ni mahitaji gani ya nyumbani ambayo wafanyakazi wa kwenu wangeweza kuyapata kwa njia ya ushirika?

6. Hesabuni saa zenu za kazi pamoja na saa za njiani. Zinabaki saa ngapi za kupumzika? Andikeni majibu na mumpe katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.